Nyuma ya Paja la Kulia

Chebet wangu,

Wewe na baba yako mmeondoka na pikipiki kwenda Njoro kumuaga shangazi yako, na najua hatawaachilia kabla hajawalisha mara mbili. Kwa hivyo nina kama saa tatu. Nimewaambia wateja leo jimu imefungwa, na nimekaa kwenye benchi la kuinulia vyuma nikiwa na daftari lako la kemia la kidato cha pili, kwa sababu ndilo lililobaki na kurasa tupu nyingi. Inaonekana kemia hamkuandika sana.

Mambo ya blanketi, sabuni na kula vizuri sitayaandika. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka jana ukaniambia, "Mum, nimeskia, hata ukuta imeskia." Haya. Leo nataka kukuambia jambo ambalo sijalisema hata mara moja, na nimelizunguka siku nyingi nikisingizia kazi.

Ile fomu ya afya niliyoitia kwenye bahasha yako ya chuo ilikuwa na uwongo, na niliyeuandika ni mimi.

Mstari wa saba wanauliza kama mwanafunzi amewahi kuumia misuli ya miguu. Niliandika HAPANA kwa herufi kubwa, nikatia sahihi ya mzazi. Wewe ulikuwa unaosha vyombo. Ukauliza kama nimemaliza, nikasema ndiyo, nikaifunga bahasha kwa gundi mara mbili, kama mtu anayefunga mlango wa banda. Jumatatu kocha wako mpya, aliyekupa nafasi chuoni kwa sababu ya mbio zako, atakuweka kwenye mstari na kukuambia ukimbie mita mia mbili kwa nguvu zako zote, na hatajua kwamba nyuma ya paja lako la kulia kuna mahali palipochanika na hapakupona sawasawa. Mimi najua, na hofu ya mbio hizo za Jumatatu imeninyima usingizi wiki tatu sasa.

Hasira uje nayo baadaye, unisikilize kwanza. Nianze na siku yenyewe, ya mbio za mwaka jana.

Ulikuwa umetoka kwenye kona, unaongoza, zimebaki mita kama sitini. Halafu ukashika nyuma ya paja kama mtu aliyepigwa jiwe, ukaanguka kifudifudi. Mimi nilikuwa kwenye ua wa waya. Kutoka pale hadi ulipolala ni mbio za nusu dakika, na ndani ya nusu dakika hiyo nilikuwa nimeshapata wa kulaumiwa. Nilifika nikasema, mbele ya wenzako wote, "Si nilikwambia upashe misuli? Ona sasa!" Ukasema huku unalia, "Nilipasha, Mum." Nikasema, "Hukupasha."

Na hiyo ndiyo hadithi ambayo nyumba yetu imeishi nayo mwaka mzima na zaidi. Nimeisimulia kwa wateja, nimeisimulia kanisani, nimempelekea hata mama yangu, Gogo wako, huko Olenguruone. Nimeisimulia mpaka siku moja nikakusikia ukimwambia jirani, "Ni mimi sikupasha poa." Nilikuwa naanika nguo. Nilibana shati la baba yako kwenye kamba, nikachukua lingine.

Ulipasha, Chebet. Ulizunguka uwanja mara nne, ukafanya zile hatua zako za kurukaruka, ukajinyoosha. Nilikuona kwa macho yangu haya mawili.

Sasa nikwambie kilichokuumiza. Unajua nilivyoingia mjini. Nilikuwa msichana wa shamba nisiye na cheti cha maana, ila nilijua kuruka, na kiwanda kikanipa kazi kwa sababu timu yao ya voliboli ilihitaji mtu mrefu. Mwalimu wao wa mazoezi alikuwa na dawa moja tu: skwoti. Ukichuchumaa na chuma mabegani na kuinuka, alisema, mguu mzima umefanya kazi, mbele na nyuma, hakuna kinachobaki. Nilimwamini kama Injili. Na kweli nilipaa. Kazi niliyopata, kiwanja hiki, karo yako, vyote vilitoka kwenye kuchuchumaa kule. Kwa hivyo baba yako alipochomelea zile nguzo za chuma, na tukajaza simiti kwenye mikebe ya rangi tukapata uzito wa kufungulia jimu, nilikuwa na dini moja tu. Mteja mwenye kitambi, skwoti. Bibi harusi anayetaka kuingia kwenye gauni, skwoti. Na wewe, tangu ukiwa na miaka kumi na mitatu, skwoti Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.

Usiseme sikukupa za kila namna. Tuliweka chuma mbele, juu ya kifua, viwiko vimeinuka. Tukakiweka mabegani. Tukakishusha kidogo mgongoni ukasukuma makalio nyuma. Tukachuchumaa miguu ikiwa pana, miguu ikiwa karibu, tukashuka mpaka ukakaa kwenye benchi na kuinuka tena. Nilidhani kwa kuwa namna ni nyingi, basi kila msuli umepata fungu lake.

Wiki moja kabla ya mbio zile ulikuja hapa hapa nilipokaa, ukasema, "Mum, nikifungua speed hapa nyuma inanivuta." Unakumbuka nilivyokujibu? Nilisema, "Ni uvivu huo. Shuka chini zaidi." Nikaongeza mikebe miwili. Ulishuka. Hukubishana nami siku ile, na hilo linaniuma kuliko kama ungenitukana.

Na baada ya kuumia sikuishia hapo. Jioni ile ile nilikukanda kwa maji moto na chumvi, kama nilivyoona wakikandwa wachezaji wote wa kiwanda, kwa vidole hivi vyenye nguvu ya kuinua vyuma, juu ya msuli uliokuwa bado unavuja damu kwa ndani. Uliuma mto. Nikakwambia vumilia, maumivu ndiyo yanatoka. Wiki ya tatu nilikurudisha chini ya chuma. Hospitali hatukwenda. Nilisema hospitali ni ya watu wasiojua miili yao.

Mungu ana mzaha wake. Mwezi uliopita ni goti langu lililonipeleka huko huko hospitali, na wewe ulinicheka, na ulikuwa na haki. Waliniweka kwa dada mmoja wa fiziotherapia, kijana tu, angeweza kuwa binti yangu. Akaniambia, "Mathe, hebu nionyeshe vile unafanyanga hizo skwoti zako." Nikamwonyesha kwa maringo yote. Akasema ni safi. Nikaona nafasi yangu. Nikamwambia kuna mtoto wa rafiki yangu, mkimbiaji, alichanika nyuma ya paja ingawa skwoti zake ni safi kama hizi.

"Na alikuwa anafanya nini ingine ya nyuma ya paja?"

"Skwoti si inatosha?"

Hakucheka. Alitoa mpira kwenye droo, utepe mrefu kama ile tyubu tunayofungia vyuma. Akaufunga ncha moja kwenye mshipi wangu alioushusha nyuma, karibu na ule mfupa tunaoukalia, na ncha nyingine chini kidogo ya goti langu, nyuma. Akasema msuli wenyewe umefungwa hivyo hivyo: kwa kweli ni misuli mitatu, lakini yote inashuka nyuma ya paja ikipita nyonga juu na goti chini. Inavuka viungo viwili.

"Sasa chuchumaa. Shika mpira na mkono uskie. Umevutika?"

Nilishuka polepole nikiwa nimeushika. Nilitarajia ukaze. Haukukaza, ulibaki karibu vile vile.

"Unaona? Nyonga ikikunjika inauvuta huku juu. Lakini goti nalo likikunjika linaulegeza huku chini. Hizo mbili zinafutana. Na wakati wa kuinuka, huo msuli ukivuta sana kusaidia nyonga, unavuta pia goti lijikunje, na wewe unataka goti linyooke. So mwili hauutumii sana. Kazi inaenda kwa makalio na mbele ya paja."

Nilimwambia kwetu tunafanya za kila namna. Nilikuwa nabishana sasa, unanijua. Akanivumilia. Chuma kikiwa mbele, akasema, kifua kinasimama wima na magoti yanaenda mbele, na nyuma ya paja hapo haipati karibu kitu. Chuma kikishuka mgongoni na makalio yakirudi nyuma, kifua kinainama, nyonga inabeba zaidi, na nyuma ya paja inapata kazi zaidi kidogo. Kukalia benchi na kuinuka ni jamaa ya hiyo. Kupanua miguu kunaongezea makalio na ndani ya paja. "Lakini zote, Mathe, goti liko limekunjwa. Zote ni ndugu."

Halafu akasema, "Sasa simama. Wacha magoti karibu yanyooke, ukunje goti kidogo tu. Sukuma makalio nyuma, uiname mgongo ukiwa sawa, kama unaokota kitu."

Niliinama. Ule mpira ulikaza mpaka fundo likafyatuka chini ya goti na kunichapa vidole. Nyuma ya mapaja yangu mwenyewe, mapaja ya mchezaji, yalilia kama mtoto mchanga. Nilikwama nusu njia.

Alinieleza mambo ya mbio wakati nasugua vidole. Ukikimbia kwa kasi, mguu unatupwa mbele, paja limeinuka, goti linafunguka, na kabla tu ya unyayo kugusa chini ule msuli unavutwa kwa urefu na papo hapo unatakiwa kuukamata mguu usitupwe zaidi. Unavutwa ukiwa unashika breki. Ndipo wengi wanapochanikia. Na skwoti, ziwe za mbele au za nyuma, haziufundishi kazi hiyo hata siku moja. Niliwaza miaka yako mitano chini ya chuma. Nilikuwa nimekujengea injini kubwa mbele, na breki za nyuma ni zile ulizozaliwa nazo.

Aliniuliza mtu wangu alipumzika kwa muda gani, alipimwa wapi. Nikababaika. Akaniangalia. "Huyo mtoto wa rafiki yako ni wako, sindio?" Nikamrudishia mpira wake. "Mlete nimuone. Hiyo kitu ikichanika mara moja na isipone vizuri, ya pili huwa iko karibu."

Sikukupeleka. Nilijua ukipimwa kutakuwa na karatasi, na karatasi itabishana na ile nyingine niliyoifunga kwa gundi. Nililinda nafasi yako ya chuo nikauacha mguu wenyewe. Nimeisoma tena sentensi hiyo na sioni namna ya kuipamba.

Lakini kilichonimaliza kabisa kilikuja nikiwa natoka kwenye lango la hospitali. Nilimkumbuka Gogo na viazi.

Unakumbuka likizo zile tulizokwenda Olenguruone kuvuna. Gogo anainama asubuhi, miguu imenyooka, mgongo kama meza, anafukua viazi kwa mkono na kutupa kwenye gunia, na hainuki mpaka saa ya chai. Wanawake wote wa shamba lile wanavuna hivyo. Nawe ulitaka kuinama kama wao, ukiwa mdogo ulikuwa unamwiga mpaka makalio yanaonekana juu ya majani ya viazi. Mimi nikapiga kelele kutoka upande wa pili wa shamba: "Chebet! Usiiname, utaharibu mgongo! Chuchumaa!" Kwa sababu mimi ndiye mtaalamu, nimetoka mjini. Ukachuchumaa. Kila mwaka ukachuchumaa. Na Gogo akasema, nakumbuka hata alivyokuwa ameshika kiuno, "Rael, huyu mtoto anavuna kama kuku anataga. Mwache ainame!" Tukacheka wote. Nikakwambia usimsikilize Gogo, ni mambo ya kizamani.

Kile alichonionyesha yule dada kwa mpira wake, mama yangu alikuwa anakufundisha bure, na mimi nikakuondoa.

Basi sasa unajua kwa nini wiki tatu hizi nimekuja na mambo mapya. Kuinama na mkebe mmoja, magoti yakiwa karibu kunyooka. Kupiga magoti nikushike visigino, nawe ushuke mbele polepole ukijizuia usianguke. Uliniuliza, "Mum, kwani umebadilisha dini?" Nikakukemea ufanye kazi uache mdomo. Ndiyo, nilikuwa nimebadilisha, na nilishindwa kukwambia. Pia najua ile ya visigino uliweza mara tatu tu, na mguu wa kulia uliachia kabla ya wa kushoto kila mara. Wiki tatu hazitoshi, mwanangu. Wewe mwenyewe umelisikia.

Na najua jambo lingine. Watu waliokuona ukishinda mwaka huu wanadhani ulipona. Mimi nilikuona kwenye kona ukijizuia, ukikimbia kama mtu aliyebeba mayai, na bado ukawashinda. Halafu kuna geti letu. Ukitoka mbali, hasa ukikaa sana au kukiwa na baridi, mguu wa kulia unachelewa kidogo. Nausikia kwenye kokoto. Ukishafika getini unajirekebisha, unatembea sawa mpaka mlangoni, ili nisisikie. Umefanya hivyo mwaka mzima. Mtoto anamficha mama yake mguu kwa sababu mama alimwambia maumivu ni uvivu. Nami nikausikia, na nikaandika HAPANA.

Naomba unisamehe. Siombi leo, maana najua hasira yako inapikika polepole kama maharagwe ya zamani. Siku yoyote itakayoiva.

Leo asubuhi, ukiwa bado umelala, nilimpigia kocha. Nilikosea namba mara mbili. Nilimwomba anitumie fomu nyingine tupu.

"Kwani ile ya kwanza iko na shida, mama Chebet?"

"Kuna mahali nilikosea."

"Wapi?"

"Chebet mwenyewe atakueleza."

Halafu akasema, "Sawa. Lakini Jumatatu nataka ikiwa imejaa, kabla akimbie." Sauti yake haikuwa ya ukali wala ya upole, na sikuweza kujua lolote kutoka kwayo. Sitakudanganya tena: inawezekana wakikupima wakaona mguu hauko tayari. Inawezekana wakakuweka nje ya timu mpaka upone, inawezekana nafasi akapewa mwingine na ukarudi nyumbani na sanduku lako. Nimeliwaza hilo siku nzima. Lakini nimewaza pia Jumatatu ile nyingine, wewe unatoka kwenye kona kwa kasi yote, na mimi siko hata kwenye ua wa waya. Hiyo siiwezi.

Fomu mpya niliichapisha kwenye saiba, kile kibanda cha kompyuta pale kona. Ile ya zamani nimeichana na kuitia jikoni kwenye makaa, kwa sababu uwongo ulikuwa wangu na sikuachii uubebe. Hii mpya nimeijaza jina, kimo, damu, kila kitu, na chini nimetia sahihi. Mstari wa saba nimeuacha. Wanasema mtu asiweke sahihi kwenye karatasi yenye pengo. Nimeweka. Miaka kumi na minane nimeujibia mguu wako, na ona nilikoufikisha. Pembeni kuna nafasi ya maelezo. Andika ilivyokuwa. Ukitaka kuandika kwamba mazoezi ya mama yako ndiyo yaliyokuumiza, andika; sahihi yangu iko chini yake tayari.

Huko wakikwambia uchuchumae, chuchumaa, skwoti haina kosa. Kosa ni la mtu aliyeifanya iwe kila kitu. Ila waulize pia ya kuinama iko wapi. Na Gogo ametuma viazi, nusu gunia, nitakupikia vya njiani. Nilimpigia simu nikamwambia alikuwa na haki kuhusu kuku anayetaga. Alicheka mpaka simu ikakatika.

Nasikia pikipiki. Baba yako ameizima huko kwenye kona kama kawaida yake, mnakuja kwa miguu. Umekaa juu ya kiti kile tangu Njoro, na kuna baridi. Nausikia wa kulia kwenye kokoto, unachelewa. Umefika getini. Sasa unatembea sawa.

Huko uendako usifanye hivyo, Chebet. Wakitazama, tembea vile mguu unavyotembea.

Mama yako,
Rael